Je, Nilikuwa Naogesha Ganda?

Shikamoo Mchungaji.

Nimekuwa nikisoma majibu yako kwa muda mrefu bila kuandika. Leo naandika kwa sababu nimeshindwa kulala.

Mimi ni mjane wa miezi saba. Mume wangu alikuwa fundi seremala. Ugonjwa uliomchukua ulianzia mikononi: kwanza akashindwa kushika msumari mdogo, kisha randa, kisha kijiko. Baadaye ukashuka miguuni. Siku ya mwisho aliyosimama mwenyewe naikumbuka, maana alisimama kwenda kufungua dirisha, akarudi kukaa, akaniambia, "Basi, hiyo imekwisha." Hakusimama tena.

Kwa miaka mitatu nilimwogesha. Nilimnyoa, nikamkata kucha, usiku nikamgeuza kila baada ya saa mbili asije akatoka vidonda vya kulala. Mwili ule niliujua kuliko ninavyoujua wangu. Kwenye dole gumba la kushoto alikuwa na kovu la patasi la tangu ujana, jembamba, kama mstari wa chaki. Kila asubuhi nilikuwa nalisugua kwa sabuni, naye kila asubuhi anasema, "Hilo halitoki, mama."

Siku ya mazishi mhubiri akasema: "Ndugu zangu, msililie ganda. Ndege amesharuka. Humu mmebaki ganda tu." Watu wakaitika amina. Mimi amina ilinikwama kooni. Tangu siku hiyo najiuliza: miaka mitatu yote, nilikuwa naogesha ganda? Na mbona ninachokikumbuka ni mikono yake, wala si roho yake? Nimemwomba Mungu anisamehe kama hiyo ni dhambi, lakini kesho yake naamka na kuikumbuka mikono ileile.

Kuna na jingine. Nyuma ya shamba letu kuna korongo. Mume wangu, akiwa bado na nguvu, alianza kulitibu: alipanga vizuizi vya mawe kulikata, akapanda miti kingoni. Ilikuwa kazi ya miaka. Alipougua, mdogo wake akaipokea. Sasa shemeji ameacha. Anasema dunia hii imewekwa akiba kwa moto, ameisoma kwenye Petro, na mtu hapaki rangi nyumba inayosubiri kuteketezwa. Mvua zilizopita zimebomoa vizuizi viwili. Sikujua nimjibu nini, maana hata mimi nilikuwa nimeanza kufikiri hivyohivyo: kama mwili wake ulikuwa ganda, basi na dunia ni ganda kubwa zaidi.

Nieleze, Mchungaji. Huko atakuwa na mikono? Ataamka na ugonjwa wake? Sasa hivi yuko wapi? Nitakuwa mke wake? Na vifaa vyake vya useremala, sanduku zima, niuze? Kila nikilifungua nalifunga tena.

Mjane wa Fundi

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Pole ya miezi hii saba, na ya ile miaka mitatu kabla yake, ambayo nina hakika wengi walisahau kukupa.

Hukuwa unaogesha ganda. Ulikuwa unamwogesha mumeo. Nimeona nilitangulize hilo, kwa sababu maelezo yangu ni marefu na wewe hujalala.

Mhubiri simlaumu sana. Makaburini mtu husimama mbele ya watu wanaolia akatafuta neno lolote la kuwatuliza, na mimi mwenyewe nimewahi kusema mabaya kuliko hilo. Lakini mfano wa ndege na ganda hakuutoa kwa mitume. Paulo angekwenda nao Athene angeshangiliwa. Wasomi wengi wa Kiyunani walikuwa wamelishwa hayo tangu mwanafalsafa Plato, karne nne kabla ya Kristo: mwili ni kifungo, kufa ni kufunguliwa. Matendo 17 inaeleza walivyomsikiliza Paulo kwa utulivu hadi alipofika kwenye ufufuo wa wafu. Hapo "wengine walidhihaki". Kwamba roho haifi lisingewachekesha, hilo wengi wao walilizoea tangu shuleni. Kilichowachekesha ni mtu mzima kusema kwamba maiti atasimama.

Na hapo kuna neno nataka ulishike. Sisi tukisikia "kiyama" tunaingiwa na hofu: hukumu, moto, watu wanakimbia ovyo. Lakini huko kwenye Kiarabu tulikolitoa, asili yake ni kusimama. Neno la Kiyunani la Agano Jipya, anastasis, nalo ni hilohilo, kusimama tena. Umeniandikia juu ya siku ya mwisho mumeo aliyosimama kwa miguu yake, akafungua dirisha, akasema imekwisha. Kanisa likikiri "kiyama ya mwili", au "ufufuo wa mwili" kama wengine wanavyosema, linakataa kwamba lile dirisha lilikuwa la mwisho.

Hebu fikiri: kama mwili ni ganda, kaburi la Yesu lilikuwa na haja gani ya kuwa tupu? Roho yake ingepaa, mwili ungebaki pale, na wafuasi wangetulizwa kwa maneno kama uliyoyasikia wewe. Injili hazikwenda huko. Zinaanza na wanawake, alfajiri; Marko na Luka wanasema walibeba manukato. Walikuwa wanakwenda kufanya nini? Kuuhudumia mwili. Ijumaa muda haukuwatosha, sabato ikaingia, wakangoja. Walikuwa wanakwenda kufanya kazi yako. Habari kubwa kuliko zote haikupelekwa kwanza kwa waliojifungia ndani wakitafakari mambo ya roho. Ilipewa kina mama waliokuwa njiani kwenda kupaka maiti mafuta, wakihangaika nani atawavingirishia lile jiwe. Sijawahi kusikia mahubiri ya mazishi yaliyosimama hapo hata dakika tano, na linaniudhi.

Sasa mikono. Uliuliza kwa aibu, lakini katika Luka 24 Yesu anawaambia wanafunzi waliodhani wanaona roho: "Tazameni mikono yangu na miguu yangu." Akaomba chakula, wakampa kipande cha samaki, akala mbele yao. Katika Yohana anamwonyesha Tomaso alama za misumari. Hiyo ndiyo sehemu inayonishangaza kila mwaka. Ushindi wote huo, na makovu yamebaki! Augustino, askofu wa Afrika ya Kaskazini, mwanzoni mwa karne ya 5 aliandika kwamba huenda miili ya wafia dini nayo itaonyesha alama za majeraha yao, zisiwe ulemavu tena ila heshima. Aliliweka kama dhana, nami naliacha hapohapo. Kovu la patasi siwezi kukuahidi. Ila mumeo alipokuambia kila asubuhi kwamba halitoki, mimi nisingebishana naye.

Ugonjwa ni habari nyingine. Ugonjwa hauamki. 1 Wakorintho 15 inautaja karibu kwa jina: "hupandwa katika udhaifu, hufufuliwa katika nguvu." Angalia kitenzi, hupandwa. Paulo anazungumza kama mkulima. Hakuna anayeita mbegu takataka kwa sababu ameifukia, na hakuna anayetarajia kuvuna punje ileile aliyoifukia. Kinachoota ni kikubwa kuliko kilichozikwa, na bado ni chake.

Mstari unaofuata ndio unaowapoteza wengi: "hufufuliwa mwili wa roho." Watu husoma hapo wakaona kivuli, moshi, kitu cha kupita ukutani. Lakini Kiswahili chetu wenyewe kinatusaidia. Taa ya mafuta haikutengenezwa kwa mafuta. Ni ya bati na kioo, ila inawaka kwa mafuta. Ndivyo neno la Paulo lilivyo: mwili unaotiwa uhai na Roho wa Mungu, kama huu wa sasa unavyotiwa uhai na pumzi inayokatika. Misuli ya mumeo iliishiwa kwa sababu kilichoiendesha kilikuwa kinaisha. Hicho kingine hakiishi.

Labda utaniuliza, na mwili ukishaoza? Mwaka 177, katika mji wa Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo waliuawa kwa mateso makubwa. Barua iliyosimulia yale, ambayo mwanahistoria Eusebio aliitunza, inasema watesi hawakutosheka kuua. Waliichoma miili na kuyatupa majivu katika mto Rhône, wakijisifu kwamba sasa tutaona kama watafufuka. Watesi wale, kwa ukatili wao, walilielewa tumaini la Kikristo vizuri kuliko mhubiri wako: walijua hawa watu wanangojea miili. Ndugu waliobaki waliumia kwa kukosa cha kuzika, lakini hawakuacha kungojea. Aliyeumba kwa mavumbi hashindwi na majivu. Irenayo, aliyekuwa askofu wa mji huohuo muda mfupi baadaye, aliandika vitabu vitano dhidi ya waliodai kwamba mwili hauna sehemu katika wokovu. Nikimsoma nakumbuka kwamba alikuwa akiupita mto ule.

Yuko wapi sasa? Maandiko hapa ni mafupi, nami nitakuwa mfupi. Yuko na Kristo. Paulo alipofikiria kifo chake alisema kukaa na Kristo "ni vizuri zaidi sana", na mwizi msalabani aliambiwa "leo". Ila hapo ni mahali pa kupumzika, safari haijafika mwisho. Hata mahali alipo, naye anangoja.

Swali la ndoa lingekuwa rahisi kulikwepa. Yesu alisema katika kiyama hawaoi wala hawaolewi, na siwezi kulipunguza hilo ili nikufurahishe. Lakini angalia aliulizwa nini: Masadukayo, watu waliokana ufufuo, walileta kisa cha mwanamke aliyerithiwa na ndugu saba, kama kiti. Swali lao lilikuwa atakuwa mali ya nani, naye akawajibu kwamba huko hakuna habari ya watu kumilikiana. Hakusema huko watu hawatajuana. Mariamu Magdalene alimdhania Yesu aliyefufuka kuwa mtunza bustani mpaka alipoitwa jina lake. Mimi naamini utamjua, na sauti ikikuita utaijua. Zaidi ya hapo namwachia Mungu, ambaye sijawahi kumwona akirudisha kitu kikiwa pungufu.

Twende kwenye korongo, maana nahisi hapo ndipo unapohitaji kujibizana na mtu aliye hai.

Shemeji yako hajazua. 2 Petro 3:7 inasema mbingu na nchi "zimewekwa akiba kwa moto", na Biblia yetu ya zamani inamaliza mstari wa 10 kwa kusema nchi na kazi zilizomo "zitateketea". Lakini arudi nyuma kidogo, mstari wa 6. Petro anasema dunia ya wakati wa Nuhu iligharikishwa ikaangamia. Je, iliangamiaje? Nuhu alitoka safinani akakanyaga udongo uleule, akapanda mizabibu. Kilichoondolewa ni uovu uliokuwa umeijaa. Petro anaupima moto kwa gharika, na ukishaona hivyo huwezi kuusoma tena kama kiberiti cha mtu aliyechoshwa na nyumba yake. Kisha kuna jambo la hati zenyewe. Kodeksi ya Sinai na ile ya Vatikani, nakala za Biblia za Kiyunani za karne ya 4, hazina "zitateketea" pale mwishoni. Zina neno lenye maana ya "zitaonekana", "zitakutwa". Ndiyo maana tafsiri nyingi za siku hizi husema nchi na kazi zake zitafunuliwa. Huo ni moto wa mfua fedha, ule wa Malaki 3, unaotoa takataka ili fedha ionekane. Na mstari wa 13 unafunga na nchi mpya ambayo haki yakaa ndani yake. Mwambie asiishie wa 10.

Halafu Warumi 8, sura ambayo ningetamani muisome pamoja kwa sauti, mkiwa mmekaa kingoni mwa lile korongo. Viumbe vyenyewe navyo "vitawekwa huru na kutolewa katika utumwa wa uharibifu". Paulo anatumia neno lilelile, uharibifu, analolitumia katika Wakorintho kwa mwili uliozikwa. Mwili wa mumeo na ardhi iliyomomonyoka viko katika kifungo kimoja, vinangoja mlango mmoja. Wewe uliandika kama mwili ni ganda basi dunia ni ganda kubwa zaidi. Hesabu yako ni sahihi kabisa, geuza tu namba ya kwanza.

Anasema viumbe vyote "vina utungu pamoja hata sasa". Utungu! Mtu aliye nje ya chumba husikia kilio akadhani kuna anayekufa. Mkunga aliye ndani anajua kinachotokea. Ardhi inavyoporomoka na mito inavyokauka ni kilio cha kweli, sisemi tukifurahie, na kingi tumekisababisha wenyewe kwa tamaa. Lakini Paulo, aliyesikia kilio hichohicho, alichagua neno la chumba cha uzazi.

Na ukifika mwisho wa Ufunuo utaona hakuna anayepanda kwenda popote. Mji ndio unaoshuka. Mungu ndiye anayehamia kwetu, "maskani ya Mungu ni pamoja na wanadamu", na aketiye kwenye kiti cha enzi anasema, "Tazama, nayafanya yote kuwa mapya." Wahubiri wengi huligeuza hilo bila kujua, wakasema anafanya vitu vipya vyote. Fundi seremala angeiona tofauti mara moja. Kutengeneza meza mpya ni kazi moja. Kuchukua meza iliyoliwa na mchwa na kuifanya mpya ni kazi nyingine, na ya pili ndiyo inayoonyesha fundi ni nani.

Kwa hiyo ufanye nini?

Kwanza, usianze na shemeji kwa kumnyooshea Petro. Nina wasiwasi, na unaweza kunisahihisha kwa kuwa unamjua, kwamba hajaacha korongo kwa sababu ya mstari wa Biblia. Miezi saba ni hiyohiyo kwako na kwake. Kila jiwe pale liliwekwa na mkono wa kaka yake, na kwa mwanamume aliyefundishwa kutolia, kusema "itaungua tu" ni rahisi kuliko kusema "siwezi kuligusa". Nenda naye mkaangalie vile vizuizi viwili. Usihubiri. Mwombe akuonyeshe vilikatikia wapi. Kwa kawaida ni pembeni maji yalipopata upenyo, au kichwani mwa korongo ambako yanaingia kwa kasi. Huko juu ndiko pa kuanzia kabla ya mvua zijazo, na mawe yaingie ndani ya kingo, yasiishie tu kugusana nazo. Akishashika jiwe la kwanza, mengine mtaongea jioni. Hapo ndipo unaweza kumsomea mstari wa mwisho wa 1 Wakorintho 15. Paulo ameeleza ufufuo kwa mistari 57 na angeweza kumalizia kwa mbinguni. Anamalizia kwa kazi: "taabu yenu siyo bure katika Bwana."

Nalirudia hilo kwako pia, kwa ajili ya zile usiku za kugeuza kila baada ya saa mbili.

Pili, huzuni. Paulo aliwaambia Wathesalonike wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini, hakuwaambia wasihuzunike. Yesu alijua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka, na bado alisimama pale akalia. Hivyo ukiikumbuka mikono, ikumbuke. Huna dhambi ya kuungama hapo. Kama kanisani huwezi kuimba, kaa kimya, wengine wataimba kwa niaba yako kwa muda. Usingizi ukiendelea kukataa, mwone daktari, maana na mwili wako wewe si ganda.

Mhubiri, ukipata nguvu siku moja, mwendee faraghani umweleze lile neno lilivyokuingia. Huenda akakushukuru. Asipokushukuru, umeshasema.

Sanduku usiliuze mwaka huu. Lakini usiliache limefungwa hivyo, chuma kinashika kutu kikikaa na unyevu. Lifungue mchana, shemeji au mtu mwingine akiwepo. Patasi moja moja zifute kwa kitambaa kikavu, zipake mafuta kidogo, visu vya randa pia, na msumeno usiuweke chini ya vitu vizito, utapinda. Kama kuna kijana aliyekuwa akijifunza kwake, mpe kimoja, achague mwenyewe. Ile patasi iliyomkata ujanani, kama unaijua ni ipi, ibakize kwako.